Kadi ya Octopus ya Hong Kong: inamfaa msafiri wa bajeti ndogo, ila si kila unapoigusisha

Hong Kong huumiza mfuko kitandani na kuupoza barabarani. Chumba kidogo cha Kowloon, upande wa bara wa mji, mlango ukigusana na godoro, kinaweza kumeza nusu ya bajeti ya siku. Lakini nauli ya tramu kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho haifiki dola nne za pale, na kivuko kinachokata Bandari ya Victoria kimebaki kuwa moja ya safari rahisi zaidi mjini. Kinachofungua vyombo hivyo vyote ni kadi moja ya plastiki, Octopus, iliyoanza kutumika Septemba 1997.

Wageni wengi huisifu kana kwamba kuwa nayo tu ni kuokoa pesa. Punguzo lipo, tena dogo, na lipo mahali pachache. Octopus hulipa bei yoyote utakayoigusisha, ya kunyonga au ya kutupa, bila kukushtua kwa kuhesabu noti mkononi. Anayeokoa ni yule anayejua aipeleke kwenye chombo gani. Kwa sababu hiyo hapa kadi inapimwa pamoja na vyombo vyenyewe, kwa jicho la mtu anayehesabu senti.

Kwanza kipimo cha pesa. Dola ya Hong Kong, HK$, imefungwa na dola ya Marekani kati ya 7.75 na 7.85, kwa hiyo ukiona bei, gawanya kwa nane kasoro kidogo. Nauli hupandishwa kila baada ya muda. Zinazotajwa hapa zikupe ukubwa wa gharama, na ya siku hiyo utaisoma kwenye kituo au kwenye kisomea kadi.

Ipi ununue

Kaunta ya kwanza utaikuta uwanja wa ndege, kwenye huduma kwa wateja ya treni ya Airport Express, inayoendeshwa na MTR, kampuni ya treni za mji. Mgeni hukutana na aina mbili. Ya kwanza ni ya kuazima: unalipa amana ya HK$50 pamoja na salio la kuanzia, na siku ya kuondoka unairudisha, unapewa amana yako na kilichobaki ndani. Ya pili ni ya watalii, inauzwa moja kwa moja kwa HK$39, haina kitu ndani, na hizo 39 hazirudi.

Kadi ya kuazima ikirudishwa kabla ya siku 90 hukatwa HK$11. Mgeni wa wiki moja aliyeirudisha basi ametumia 11, na mwenzake wa kadi ya watalii ametumia 39. Tofauti ya 28 ni kama safari nane za tramu. Ya kuazima inashinda, mradi uirudishe. Ukiwa mtu wa kufika uwanjani dakika za mwisho, au unatoka kwa nchi kavu kuvuka mpaka kwenda Shenzhen, China bara, na huna nia ya kusimama kaunta, utaondoka na HK$50 iliyogeuka plastiki. Hapo ya watalii ndiyo rahisi, na isiyo na mawazo.

Ya kuazima ina faida nyingine ambayo huonekana usiku. Kwa kuwa wameshika amana yako, wanakuruhusu kuingia deni. Salio likiwa limebaki dogo kuliko nauli, kadi inakubali malipo hayo na kushuka chini ya sifuri, hadi HK$50 kwa kadi zilizotolewa tangu Oktoba 2017; zile za zamani zaidi mwisho wake ni 35. Ikishaingia kwenye hasi haitalipa kitu kingine mpaka uongeze salio. Ni msaada wa safari moja ya kurudi kulala, basi.

Mwenye iPhone anaweza kuweka Octopus ndani ya simu na kuijaza kwa kadi ya benki ya nyumbani. Inafaa kwa asiyetaka foleni. Tazama tu jinsi benki yako inavyotoza miamala ya fedha za kigeni: kama hukata kiasi kisichobadilika kila mara, jaza mara moja kwa siku zote ulizonazo, usijaze hamsini hamsini.

Kwa kadi ya plastiki, salio huongezwa kwa fedha taslimu, kwa mafungu ya HK$50, kwenye mashine za vituo vya MTR, kaunta zake, na maduka ya 7-Eleven na Circle K ambayo yapo karibu kila kona. Jihadhari na mashine: haina chenji. Inachukua noti nzima na kuiingiza yote kwenye kadi, kwa hiyo noti kubwa ivunje kwanza dukani. Na usishangae noti mbili za thamani moja zikiwa na sura tofauti. Benki tatu za biashara ndizo zinazozitoa, HSBC, Standard Chartered na Bank of China, na kila moja ina picha zake. Noti ya 1,000 maduka madogo mengi huikataa, kwa hiyo unapobadilisha fedha omba za mia.

Uweke kiasi gani? Chukua siku ya kawaida ya kuzunguka: treni mara mbili, kivuko kwenda na kurudi, tramu mara mbili. Hiyo ni kati ya HK$35 na 40. Siku tatu za namna hiyo, pamoja na basi la uwanja wa ndege kwenda na kurudi, zinaingia ndani ya HK$200. Anayemaliza 200 kwa siku moja na nusu kwa kawaida si nauli iliyommaliza. Ni duka la vinywaji, na hilo tutalifikia.

Kutoka uwanja wa ndege

Hapa ndipo uamuzi mmoja unapolingana na milo miwili. Airport Express hufika kituo cha Hong Kong, kwenye Kisiwa cha Hong Kong (hapa tukiite Kisiwa tu), ng'ambo ya bandari kutoka Kowloon, kwa dakika 24 hivi, na nauli yake inazidi HK$100. Ni treni nzuri, safi, tupu kiasi. Kwa msafiri peke yake asiye na haraka haina sababu.

Basi A21 linakwenda Tsim Sha Tsui, ncha ya kusini ya Kowloon, kwa kushuka barabara kuu ya Nathan Road, likipita Mong Kok, Yau Ma Tei na Jordan, ambako ndiko zilipo nyumba nyingi za wageni za bei nafuu, pamoja na lile jengo maarufu la Chungking Mansions. Nauli ni karibu HK$35. Muda ni kama saa moja, wakati mwingine na robo, kutegemea msongamano wa Nathan Road. Rafu ya mizigo iko ghorofa ya chini, na skrini ndani ya basi inaonyesha kituo kinachofuata kwa Kichina na Kiingereza. Anayelala Kisiwani apande A11, karibu HK$42.

Kama ndege imetua saa ambayo bado huwezi kuingia chumbani, basi ruka herufi A na tafuta E. Mabasi ya E yanahudumia wafanyakazi wa uwanja: yanazunguka maghala ya mizigo na mji wa Tung Chung kabla ya kuelekea mjini, kwa hiyo yanachelewa, lakini E11 inayokwenda Kisiwani inakaribia nusu ya bei ya A11. Njia nyingine ni basi la mwendo mfupi, S1, ambalo haligharimu hata HK$5 hadi kituo cha treni cha Tung Chung. Toka hapo panda MTR ya njia ya Tung Chung, badilisha Lai King, uteremke Nathan Road. Ukilinganisha na A21 unaokoa kama HK$10, na unalipa kwa kupanda na kushuka ngazi na sanduku. Kwa mwenye begi la mgongoni ni sawa. Kwa mwenye sanduku la kilo 23, hapana.

Usiku wa manane treni zimelala. N21 inakwenda Tsim Sha Tsui, N11 inakwenda Central, kitovu cha biashara Kisiwani. Usikubali kupelekwa kwenye teksi na mtu yeyote anayekufuata ukumbini. Ukilazimika, foleni rasmi iko nje, na teksi nyekundu ndiyo ya mjini. Ya kijani ni ya maeneo ya New Territories na ya samawati ni ya kisiwa cha Lantau tu. Dereva atadai pia ada ya mizigo na ushuru wa mahandaki. Hayo ni halali, hakuibii, ila ndiyo yanayofanya mita iliyosoma kiasi fulani ikaishia kiasi kingine.

Onyo moja kwa anayelipa taslimu: basi la Hong Kong halirudishi chenji. Unatumbukiza sarafu na noti kwenye sanduku, ukizidisha ni sadaka. Ndiyo sababu kadi inunuliwe kabla ya kutoka jengo la uwanja, si baadaye.

Tramu na kivuko, penye thamani halisi

Tramu za ghorofa mbili zimekuwa barabarani tangu 1904, upande wa kaskazini wa Kisiwa, kutoka Kennedy Town magharibi hadi Shau Kei Wan mashariki. Nauli ni moja, uende kituo kimoja au vyote. Unapandia mlango wa nyuma, unashukia wa mbele, na unalipa unaposhuka. Wageni hukwama hapo: husimama nyuma wakitafuta kisomea kadi huku watu wakiwasukuma. Pita tu. Anza kusogea mbele vituo viwili kabla ya chako, kwa sababu ngazi ya ndani ni nyembamba na jioni hujaa watu wanaoteremka kwa mpangilio wa mmoja mmoja.

Ghorofa ya juu, viti vya mbele kabisa, ni ziara ya mji ambayo kampuni za utalii huuza kwa bei mara nyingi zaidi. Safari nzima huchukua karibu saa moja na nusu. Hakuna kiyoyozi, mwezi wa saba mchana utakuwa umelowa jasho, kwa hiyo panda asubuhi au baada ya giza. Soma ubao wa mbele kabla ya kupanda: zinazoandikwa Happy Valley huacha njia kuu na kuzunguka uwanja wa mbio za farasi, na nyingine huishia Western Market. Hazikupotezi sana, ila ukishuka na kupanda nyingine unalipa upya.

Huko Happy Valley, Jumatano usiku kati ya Septemba na Julai, huwa kuna mbio. Kiingilio cha umma ni HK$10, kwa Octopus hiyo hiyo, kwa waliofikisha miaka 18. Hulazimiki kucheza kamari hata mara moja. Taa, farasi na majengo marefu yaliyouzunguka uwanja ni burudani tosha kwa bei hiyo.

Star Ferry inakata bandari tangu 1888. Kuna njia mbili, Tsim Sha Tsui kwenda Central gati namba 7, na Tsim Sha Tsui kwenda Wan Chai. Siku za kazi ghorofa ya juu ni kama HK$5, mwishoni mwa wiki na sikukuu hupanda kidogo, na ghorofa ya chini ni nafuu zaidi. Milango ya ghorofa hizo ni tofauti tangu nje, kwa hiyo angalia kabla ya kugusisha. Ya chini iko karibu na injini, ina kelele na harufu ya dizeli, na ndiyo iliyo karibu na maji; kwa picha wengi wangeipenda kuliko ya juu. Njia ya Central huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, humaliza saa tano na nusu usiku, na kuvuka huchukua chini ya dakika kumi.

Thamani ya kivuko inaonekana ukikilinganisha na treni. MTR hutoza zaidi kwa safari yoyote inayopita chini ya bandari. Tsim Sha Tsui hadi Admiralty ni kituo kimoja tu, lakini nauli yake ni karibu mara mbili ya kituo kimoja kilicho upande uleule wa maji. Kwa hiyo kanuni ya pesa kidogo ni rahisi: vuka kwa kivuko, tembea kwa tramu, na treni iachie masafa marefu. Ukienda Causeway Bay, panda kivuko cha Wan Chai, fuata madaraja ya waenda kwa miguu kuelekea Johnston Road, ushike tramu ya kuelekea mashariki. Kivuko na tramu kwa pamoja bado havijafikia nauli ya treni peke yake. Usiku, saa mbili kamili, maonyesho ya taa ya bandari huonekana bure kutoka ukingo wa Tsim Sha Tsui, na ukiwa kwenye kivuko dakika hizo umeyaona kutoka katikati ya maji bila kulipia meli ya watalii. Maonyesho yenyewe, kusema kweli, ni ya kawaida. Mandhari ya majengo ndiyo inayoyabeba.

MTR na mahali inapokula pesa

Treni yenyewe haina cha kulaumu: dakika mbili tatu unangoja, imeandikwa wazi, imepoa. Kwa Octopus nauli huwa chini kuliko tiketi ya safari moja, na hili ndilo punguzo la kweli ambalo kadi inatoa. Kuna jingine la kuokota: mashine ndogo zilizowekwa mitaani na kwenye maduka makubwa, ambazo ukigusisha kadi unapata punguzo la HK$1 au 2 kwa safari inayofuata siku hiyo kutoka kituo kilichoandikwa juu yake. Moja iko njiani mwa ngazi za umeme zinazopanda mtaa wa Mid-Levels. Ngazi hizo, zilizofunguliwa 1993, ni bure. Saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi hushuka, baada ya hapo hupanda hadi saa sita usiku. Ukienda asubuhi kwa nia ya kupanda mlima umesimama, utapanda kwa miguu.

Sasa mitego. Ukikaa ndani ya mageti zaidi ya dakika 150 utatozwa zaidi, hata kama hukutoka popote. Kituo si mahali pa kupumzikia joto. Njia ya East Rail ina behewa la daraja la kwanza ambalo halina mlango wa kukuzuia. Mgeni huona viti vizuri, anakaa, halafu mkaguzi anapita. Daraja hilo hulipiwa kwa kugusisha kadi kwenye kisomea cha pembeni kabla ya kuingia, na asiyefanya hivyo hupigwa faini ambayo hakuna maelezo yatakayoipunguza. Njia hiyohiyo, vituo viwili vya mpakani, Lo Wu na Lok Ma Chau, vina nauli kubwa isiyolingana na umbali wake, na huruhusiwi kwenda huko kutazama tu kama huna nyaraka za kuvuka. Kula au kunywa ndani ya mageti, hata maji, ni kosa lenye faini.

Pasi ya siku moja ya watalii kwa ajili ya MTR huonekana tamu, safari bila kikomo kwa saa 24. Haijumuishi Airport Express, wala tramu, wala kivuko, wala mabasi mengi. Ili irudishe gharama yake lazima upande treni mara sita au saba za masafa ya wastani ndani ya siku, na mtu anayefanya hivyo atakuwa ameona mageti mengi kuliko mji. Iache.

Mabasi na mabasi madogo

Basi ni rahisi likieleweka namna linavyotoza. Unalipa unapopanda, na kiasi ni cha kwenda mwisho wa njia hata ukishuka kituo kinachofuata. Nauli hupungua kadiri basi linavyokaribia mwisho wake. Ndiyo maana vituo viwili mwanzoni mwa njia ndefu vinaweza kugharimu mara mbili ya vituo viwili mwishoni, na ndiyo maana kwenye kituo chenye mabasi matano yanayokwenda upande mmoja inalipa kusoma bei ubaoni na kuchagua linalokaribia kumaliza safari. Namba zinasema mengi: ya tarakimu tatu ikianza na 1 hupita handaki la zamani la bandari, 6 la mashariki, 9 la magharibi. Zote tatu maana yake ni nauli ya kuvuka bandari, kwa hiyo usipande moja ya hizo ukiwa na safari ya Kowloon peke yake.

Mabasi madogo ya paa la kijani yana njia na nauli ya kudumu na hupokea Octopus. Ya paa jekundu huamua yenyewe njia kiasi, na mengi hutaka taslimu. Hakuna kusimama ndani. Viti vikijaa dereva anapita bila kukutazama. Kushuka, sema kwa sauti "yau lok". Ukinong'ona utajikuta mbali.

Kwenda kileleni Victoria Peak, treni ya mlimani ya Peak Tram inagharimu mara kadhaa ya basi namba 15 kutoka Central, au basi dogo la kijani namba 1. Basi huchukua kama dakika 45 za kona, na kwa mwenye kichefuchefu hilo si dogo. Ukifika juu usilipie ukumbi wa kutazamia ulio kwenye mnara: paa la Peak Galleria ni bure, na ukifuata barabara ya miguu ya Lugard Road kwa kama robo saa unapata mji wote chini yako bila kioo wala umati.

Kwa sanamu kubwa ya Buddha iliyoko Ngong Ping, Lantau, gari la kamba ni kilomita 5.7 za mandhari na bei ya kuuma. Basi namba 23 kutoka Tung Chung linafika palepale kwa chini ya saa moja, kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo. Nenda siku ya kazi, kwa sababu Jumapili na sikukuu nauli ya mabasi ya Lantau hupanda. Kupanda ngazi 268 hadi chini ya sanamu hakulipiwi. Tatizo ni kurudi: alasiri foleni ya basi hurefuka ghafla, kila mtu akiondoka wakati mmoja, hivyo fika mapema na shuka kabla ya saa kumi jioni.

Vivuko vya visiwa viko gati za Central: namba 4 kwa Lamma, namba 5 kwa Cheung Chau. Vyote hupokea kadi. Cheung Chau ina boti ya kasi na ya kawaida. Ya kawaida huchelewa kama dakika ishirini, ni rahisi zaidi, na ndiyo yenye sehemu ya wazi ya kukaa upepo ukipita.

Dukani

Octopus hulipa 7-Eleven, supamaketi, mashine za vinywaji, na minyororo ya chakula cha haraka kama Café de Coral na Fairwood. Hapo ndipo salio hutoroka, kwa kuwa mlio mmoja wa "dut" hauumi kama noti. Chakula cha bei nzuri mara nyingi kiko mahali kadi haikubaliki: migahawa ya chai ya mitaani, inayoitwa cha chaan teng, na sehemu za chakula zilizo ghorofa ya juu ya masoko ya manispaa. Mengi ya maeneo hayo hutaka taslimu, hali kadhalika nyumba nyingi za wageni ndogo. Tembea na HK$200 za noti ndogo kila siku.

Kwa kubadilisha fedha, Chungking Mansions ina vibanda vingi, na vile vya mlangoni ndivyo vyenye viwango vibaya. Ingia ndani, linganisha vitatu au vinne, na kabla ya kutoa pesa uliza utapokea jumla ngapi mkononi, kwa sababu kiwango kizuri ubaoni huweza kuwa cha wao kukuuzia fedha za kigeni, wakati wewe ndiye unayewauzia. Wapiga debe wa vyumba pale mlangoni wapite; chumba kitafutwe kwenye nyumba yenye leseni iliyobandikwa ukutani. Lifti zake ni ndogo, moja ya ghorofa shufwa na nyingine ya witiri, kwa hiyo soma kabla ya kupanga foleni.

Kadi ikigoma

Sababu ya kawaida ni pochi. Mageti na mabasi sasa husoma pia kadi za benki za kugusisha, na zikiwa pamoja kisomea huchanganyikiwa au huchagua isiyo yako ya nauli. Itoe Octopus peke yake. Sababu ya pili ni kuitoa haraka mno kabla ya mlio. Salio halijasomwa, geti halifunguki, na nyuma yako kuna watu arobaini. Ya tatu ni kuingia kwa kadi moja na kutoka kwa nyingine, hasa mtu mwenye ya plastiki na ya simu. Kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili kwenye geti la MTR. Watoto wa miaka 3 hadi 11 wana kadi yao yenye nauli ya nusu, na kumpitisha mtoto kwa kadi ya mtu mzima ni kulipa zaidi bila sababu. Kila kituo kina mashine ndogo inayoonyesha miamala kumi ya mwisho. Ukishuku umekatwa mara mbili, isome kabla ya kwenda kaunta.

Tufani ni jambo jingine. Ishara namba 8 ikitangazwa, vivuko na tramu hukoma, mabasi huondolewa barabarani hatua kwa hatua, na MTR hubaki kwa ratiba iliyopunguzwa. Tangazo la awali hutolewa karibu saa mbili kabla. Ndani ya saa hizo mbili kila mtu anarudi nyumbani, kwa hiyo ukiwa Lamma au Cheung Chau, acha chakula mezani uende gatini.

Siku ya kuondoka, acha salio la nauli ya basi la uwanjani na kidogo juu yake. Mabaki yakiwa madogo yanunulie maji au mkate 7-Eleven kabla ya kurudisha kadi. Uliza hapo kama wanaruhusu kulipa sehemu kwa kadi na sehemu kwa sarafu ulizobakiwa nazo, ambazo hakuna mbadilisha fedha atakayezipokea. Kisha nenda kaunta ya MTR, kituo chochote cha mjini au pale uwanjani, ukabidhi ya kuazima na kupewa fedha taslimu. Fanya hivyo kabla ya ukaguzi wa usalama. Upande wa pili hakuna kaunta hiyo.